Tiki kwa kijana: ni nini, na mzazi afanyeje

Tiki ni tendo fupi la mwili au sauti linalomtoka mtu ghafla, mara kwa mara, bila kulipanga: kupepesa macho, kukunja pua, kurusha bega, kuguna, kukohoakohoa na wala hana mafua. Mara nyingi huanza kati ya miaka 5 na 7, hupamba moto kwenye miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyoelekea utu uzima. Zikiwa tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, zimeanza kabla ya miaka 18 na zimepita mwaka, huitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeueleza mwaka 1885. Wanaotokwa na matusi bila kukusudia wapo, ila ni wachache.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba zinazuilika kwa muda. Kijana anakaa ibadani Moshi mjini ametulia tuli, akifika nyumbani bega halitulii. Mama anaambiwa, "Si unaona, anajifanya!" Hajifanyi. Kabla ya tiki wengi husikia kitu kinawakereketa au kuwabana mahali fulani, na hakiachii mpaka tendo litoke. Ni kama chafya, utaibana lakini bado inakusubiri. Ukimwambia "acha hiyo!" unamtia wasiwasi tu, na wasiwasi huzichochea, sawa na uchovu na msimu wa mitihani. Habari za kurogwa na mapepo tuziweke kando.

Kinachosaidia ni mazoezi. Kijana anajifunza kuishtukia ile hali ya kukereketwa ikianza tu, kisha anafanya tendo linalopingana na tiki. Wa bega, kwa mfano, anashusha mabega, anabana kiwiko ubavuni, anapumua taratibu na kushikilia kama dakika moja, au mpaka hamu ipite. Hata anayekaa naye dawati moja hatajua. Ila mwenye zoezi ni yeye, mama asikae akimpigia kelele "bega! bega!" mezani. Tiki zikimuumiza au kumvurugia masomo, daktari anaweza kuongeza dawa. Na nenda ukaongee na mwalimu wa darasa mapema, kabla mtoto hajachapwa kwa "kuleta fujo".

Kupunga mikono au kujiyumbisha kwa mdundo uleule, tangu kabla ya miaka 3, ni jambo jingine. Kama hajiumizi, mara nyingi hakuna haja ya kumzuia.

Lakini mikono na uso vikianza kuchezacheza ovyo kwa siku chache tu, anadondosha kikombe, mwandiko umeharibika, pengine wiki au miezi kadhaa baada ya kuumwa koo, usingoje. Huenda ni homa ya rumatiki, ambayo yaweza kuharibu vali za moyo. Mpeleke hospitali haraka, Mount Meru kwa walio Arusha au kituo cha karibu kitakachompa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC kwa walio Moshi. Vivyo hivyo akianguka au kupoteza fahamu, maana hicho chaweza kuwa kifafa.