Kabla hujalipia kung'arisha meno: maswali na majibu

Kaskazini mwa Tanzania, watu wawili wanaweza kukaa kwenye benchi moja la kliniki ya meno, wote wanataka meno meupe, lakini tiba zao hazifanani hata kidogo. Mmoja ana madoa ya chai na sigara. Mwingine amekulia Arumeru, na meno yake yaliota yakiwa na rangi ya kahawia. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, ulizia kwanza rangi hiyo imetoka wapi.

Nikifika kliniki, nitafanyiwa nini hasa?

Kwanza unapaswa kuchunguzwa kinywa na kusafishwa meno. Chai ya rangi, kahawa, tumbaku, mirungi na tambuu huacha madoa juu ya jino, na ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) nao huyashika. Wapo wanaosafishwa tu, wakijitazama kwenye kioo wanaona inatosha na hawaendelei tena. Hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kung'arisha kwenyewe ni kazi ya peroksaidi. Dawa hiyo haikwangui jino. Inapenya kwenye gamba la nje na kuvunja chembe za rangi zilizo ndani. Ukifanyiwa kwenye kiti, kwa kawaida hutumika haidrojeni peroksaidi kali, asilimia 25 hadi 40, ndiyo maana fizi hufunikwa kwanza kwa utomvu unaogandishwa kwa taa. Dawa inapakwa, inaachwa kwa dakika kadhaa, inafutwa, inapakwa tena.

Njia ya pili ni daktari kuchukua umbo la meno yako na kukutengenezea trei nyembamba ya plastiki. Unaondoka nayo pamoja na dawa ya nguvu ndogo, mara nyingi kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, na unaivaa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Ukiniuliza mimi, kama huna harusi keshokutwa, chagua hii. Ni ya polepole, lakini mwishoni meno hufikia weupe ule ule, na ganzi, yaani meno kushtuka kwa baridi, huwa ndogo zaidi.

Na ile taa ya bluu wanayomulikia meno yakiwa na dawa?

Inapendeza kwenye picha. Tafiti nyingi hazijaona kwamba inaongeza weupe wa kudumu ukilinganisha na dawa peke yake. Jua pia kwamba weupe unaoinuka nao kwenye kiti, sehemu yake ni ukavu tu: meno yamekaa wazi muda mrefu bila mate. Yakirudi kulowa, ndani ya siku chache rangi hushuka kidogo. Usidhani umeibiwa. Ila daktari anayekuonyesha picha ya dakika hiyo hiyo kama ushahidi, mwombe na picha ya mtu aliyerudi baada ya wiki mbili.

Meno yangu ni ya kahawia tangu yaliota. Yatakuwa meupe?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Rangi hiyo husababishwa na floraidi nyingi (madini yaliyomo kwenye maji) iliyoingia mwilini wakati meno yalipokuwa bado yanajengeka ndani ya taya, yaani tangu utotoni hadi kama miaka 8. Maji ya visima na chemchemi katika sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na upande wa Kenya kule Nakuru na Naivasha, yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia maharage na makande nayo yana mchango wake. Siyo uchafu, wala siyo uvivu wa kupiga mswaki, na hakuna dawa ya mswaki itakayoitoa.

Kama madoa ni mepesi, ya manjano au kahawia kidogo, peroksaidi inaweza kuyafifisha vizuri. Lakini madoa meupe kama chokaa hayaondoki nayo, na katika siku za mwanzo huonekana zaidi kwa sababu jino limekauka. Mtu asiyeelezwa mapema hurudi kliniki amekasirika, na ana haki. Madoa ya juu juu hutibiwa kwa kusuguliwa na mchanganyiko wa asidi na unga laini, kazi inayotoa tabaka jembamba sana la gamba, kisha ndipo yang'arishwe. Gamba likiwa limetoboka vishimo au kumeguka, peroksaidi peke yake haitakufikisha. Hapo mazungumzo ni ya kufunika jino kwa utomvu wa rangi ya jino, vinia (kigamba chembamba kinachobandikwa mbele ya jino) au kofia (kifuniko cha jino zima). Vinia na kofia mara nyingi hudai jino lichongwe, na jino likishachongwa halirudi. Mtu wa miaka 20 afikirie mara mbili.

Nina jino moja tu lililogeuka jeusi. Ning'arishe yote?

Hapana. Jino moja lililobadilika rangi, hasa la mbele lililowahi kugongwa, huenda limekufa ndani. Linahitaji kupigwa picha ya eksirei, na pengine kutibiwa mzizi. Baada ya hapo linaweza kung'arishwa kwa kuwekewa dawa ndani yake lenyewe.

Meno niliyozibwa nayo yatabadilika?

Kizibo hakibadiliki. Kizibo cha rangi ya jino, kofia, vinia na meno bandia hubaki na rangi yake, na ya jirani yakiwa meupe tofauti huonekana hata kwa mbali. Kwa hiyo ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili, halafu ndipo uzibuliwe na kuzibwa upya kwa rangi mpya. Kusubiri huko kuna sababu: oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia utomvu wa kuzibia usishike vizuri.

Inauma?

Wengi hupata ganzi. Maji baridi yanashtua, au jino linachoma ghafla bila sababu kisha linaacha. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayopata ganzi, ikianza kutumika wiki mbili kabla, husaidia. Dawa ikigusa fizi, pale panageuka peupe na kuwasha. Kwa kawaida hupona, lakini sema pale pale, usivumilie kwa aibu. Ukiwa na jino lililotoboka au fizi zinazovuja damu, tiba ya hayo itangulie. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa kusubiri.

Saluni wananifanyia kwa bei nafuu. Kuna ubaya gani?

Saluni hawawezi kujua kama una jino lililooza au lililokufa. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, haziruhusu dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi iuzwe kwa mtu asiye daktari wa meno, na hata kwa daktari mwisho ni asilimia 6. Hapa kwetu, muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndimu na mkaa ni bure, lakini ndimu inayeyusha gamba la jino na mkaa unalisugua. Gamba likipungua, manjano ya ndani ndiyo yanajitokeza.

Weupe utakaa muda gani?

Miezi kadhaa hadi miaka michache, kutegemea kikombe chako na sigara zako. Trei yako itunze, maana siku rangi ikianza kurudi utanunua dawa tu.

Mwanangu ana miaka 9 na meno yameanza kuwa kahawia. Nimpeleke?

Mpeleke achunguzwe, lakini kung'arisha kusubiri. Kwa wadogo zake, badilisha maji ya kunywa na ya kupikia uji: maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, teknolojia inayoshughulikiwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arumeru. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani.