Unahamia Dar? Nyumba usiione mara moja ukalipa

Juzi kaka mmoja wa Mbeya kanipigia, kahamishiwa kazi huku Dar, anataka nimtumie picha za nyumba achague, alafu atume kodi ya miezi 6 kwa simu ili akifika na familia washushe vitu tu. Nimemkatalia. Mimi ni dalali, nakula kwa ile kodi ya mwezi mmoja anayonilipa mpangaji akiingia, ila hela ya hivyo siitaki, na naeleza hapa kwa nini maana watu wengi wananiomba hivyo hivyo.

Kwanza piga hesabu. Dar wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, wa miezi mitatu wapo ila wa kutafuta. Chumba na sebule cha 200,000 maana yake 1,200,000 inatoka siku moja, ya dalali 200,000 nyingine, kirikuu ya mizigo bado. Ukishalipa ndo umelipa, kurudishiwa sahau.

2017 nilimtafutia dada mmoja nesi katokea Iringa, kazini kwake Masaki. Nikampeleka Kinyerezi, Jumamosi saa nne asubuhi, barabara nyeupe, upepo mzuri, nyumba ina fensi na tailizi mpya, bei nzuri, akaipenda akalipa palepale. Wiki haijaisha akanipigia, anaamka saa tisa usiku, saa kumi na nusu yuko kituoni, daladala mbili na kipande cha boda, jioni anarudi saa tatu mtoto kashalala. Akaniuliza, kaka si ungeniambia? Na kweli nilikuwa najua, ile njia asubuhi naijua vizuri, sikusema kwa sababu hakuniuliza. Ile simu imenikaa mpaka leo.

Ndo maana sa hivi mteja wangu wa mkoani namwambia fika kwanza, fikia kwa ndugu au gesti wiki moja, alafu siku ya kazi, sio wikiendi, tuanzie pale pale kwenye nyumba saa kumi na mbili kasoro asubuhi twende mpaka ofisini kwake kwa usafiri ule ule atakaopanda. Kimara watu wanaipenda sababu ya mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na kweli yana njia yake, ila kasimame foleni ya Kimara Mwisho asubuhi ndo uamue. Kigamboni kodi inashuka, lakini hesabu pantoni au kuzungukia darajani kila siku, kwenda na kurudi.

Kitu cha pili ni maji ya mvua. Nyumba ukiiona Agosti zote kavu. Masika ni Machi mpaka Mei, na vuli nayo haina mchezo, mafuriko ya Desemba 2011 ndo yaliwatoa watu wa mabondeni kule Jangwani wakapelekwa Mabwepande. Na sio Jangwani tu, vibonde viko mji mzima. Mimi nikiingia ndani siangalii jipsamu juu, naangalia chini. Mlango wa geti umeoza kutu upande wa chini tu? Ukuta una rangi mpya inayoishia magotini? Alafu naomba maji ya kunywa kwa jirani ili nichungulie, kuna nyumba nilikuta friji la jirani limepandishwa juu ya matofali manne na kabati hivyo hivyo, nikamgeukia mteja nikamwambia dada tuondoke, na mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo hapo anatusikia.

Umeme. Uliza kama mita ya LUKU ni yako peke yako au ya kushea. Mita ya matumizi madogo, ukiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 bila kodi ya serikali, ukizidi zile za juu ni 350, sasa wapangaji wanne kwenye mita moja mtabakije ndani ya 75? Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu miezi mingi inaweza kuwa na malimbikizo yanakusubiri wewe. Kabla hujalipa kodi ya pango omba namba ya mita, nunua umeme kidogo kwa simu yako, kaa usome ile meseji ya tokeni mstari kwa mstari, kama kuna deni utaliona limekatwa hapo, na hilo deni unaongea na mwenye nyumba likiwa bado lake.

Maji fungua bomba, uliza majirani ya DAWASA yanatoka siku gani na kama kuna simtanki. Basi.

Sasa utapeli. Kuna mtu anapanga nyumba, anakaa nayo mwezi, alafu anajifanya ndo mwenye nyumba anaipangisha kwa watu watano, kila mmoja anatoa miezi 6, yeye anazima simu. Funguo anazo kweli, ndo maana watu wanaamini. Kwa hiyo rudi jioni peke yako bila mimi, salimia majirani, uliza mama au baba mwenye nyumba ni nani, alafu mkataba mkaandikishane serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti ugongwe muhuri. Jina kwenye mkataba, kwenye kitambulisho na kwenye akaunti unayotumia hela liwe moja. Akikuambia tuma kwa namba ya mdogo wangu, usitume. Na dalali anayetaka hela ya kubuku, yaani ya kukushikia nyumba, kabla hujaingia ndani achana naye, nauli ya kukuzungusha mpe, hiyo ni haki yake, ila sio hela ya kubuku.

Kaka wa Mbeya kakubali, mke na watoto wanabaki kwanza, yeye anashuka Alhamisi anafikia kwa shangazi yake Mbagala. Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana kituoni, tunaanza na njia. Nyumba yenyewe tutaiangalia jioni.