Bahari Haijakauka, Maji Yamekupwa

Juzi mweka hazina wa kikoba kimoja cha Area C, Dodoma, alinipigia simu akiwa ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, sauti iko juu: "Kaka, umetuleta wapi? Bahari imekauka!" Nyuma yake nasikia kina mama wanaguna. Walikuwa wanakwenda kisiwa cha Mbudya. Tarehe walichagua wenyewe, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, na nilipowaambia waisogeze wiki moja walidhani nataka kuwaongezea bei.

Wateja wangu wa Dodoma wengi wanaichukulia bahari kama bwawa la Hombolo: ukifika utaikuta ilipo. Hapana. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 ndizo zinazotuponza. Aliyekwenda Jumamosi iliyopita akakuta maji yamejaa saa nne asubuhi, anarudi ofisini anamwambia mwenzake, "Nendeni saa nne, pazuri sana." Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, saa nne ileile maji yamekupwa. Wapwani wakisema maji yakijaa hupwa, sisi wa bara tunasikia fumbo la maisha. Kwao ni ratiba ya kazi.

Tena kupwa kunazidiana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, linakuja bamvua. Hapo Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, yaani urefu wa ukuta wa nyumba yako kutoka sakafuni hadi darini. Na bamvua la pale lina tabia yake: maji hukupwa kabisa asubuhi kwenye saa nne au saa tano, yanajaa alasiri kwenye saa kumi. Sasa kikundi kimeamka, kimekunywa chai, kimefika ufukweni saa nne kamili. Boti imesimama mbali kwa sababu haiwezi kusogea. Mnavua viatu, hotpoti la pilau kichwani, mnaburuza miguu kwenye maji ya magoti, na chini kuna mawe na wale wadudu wa miiba myeusi. Lawama zote kwangu.

Kwa hiyo kabla ya kuomba ruhusa kazini, toka nje usiku uangalie juu. Anga la Dodoma ni jeupe miezi mingi, kisingizio huna. Ukiona nusu mwezi, panga safari: hayo ndiyo maji mafu, asubuhi yanakuwa juu, na yakishuka hayaendi mbali. (Kuna baba aliniuliza kama maji mafu ndiyo yanayoua watu. Ni kinyume chake, mzee wangu, ndiyo yaliyopoa.) Mwezi wa mshahara na mwezi wa angani havijuani.

Yule mweka hazina nilimwambia wakae kivulini hadi saa nane. Saa tisa kasoro akanituma picha ya boti imegusa mchanga, bila neno hata moja.

Mengine nayapitia haraka. "Tunatoka Dodoma alfajiri, jioni tumerudi." Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 hili nalisikia kila wiki. Treni inakula kama saa tatu na nusu, halafu kuna foleni ya mjini hadi Kunduchi, halafu boti. Laleni Dar usiku wa kuamkia safari, basi.

"Jua la Dodoma tumelizoea." Huku mnalikimbia chini ya mti. Kule mmevua mashati, upepo unawapoza msijue mnaungua, na maji na mchanga mweupe vinalirudisha jua usoni. Maji ya kunywa nayo bebeni ya kutosha. Mbudya si kijiji chenye bomba.

"Usile, utatapika kwenye boti." Tumbo tupu linachafuka haraka zaidi. Kula mkate au kiazi, kaa nyuma, tazama mbali, acha simu. Na jaketi la kuokolea unavaa hata kama uliogelea Mtera, ambako kwanza sijui ulifuata nini na mamba wale.

Wanaounganisha hadi Changuu, kile kisiwa cha Zanzibar chenye gereza, huniuliza wafungwa walilala wapi. Gereza lilijengwa miaka ya 1890 na halikufunga mtu. Likawa karantini ya wasafiri wa meli. Wakazi wa kudumu ni kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Na makombe ya baharini mnayojaza kwenye mikoba yarudisheni. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, na kombe tupu mara nyingi lina kaa mdogo aliyehamia. Mwaka jana mmoja alisafiri hadi Kisasa, Dodoma, kwenye pochi ya dada mmoja. Alifika akinuka.