Je, wajua kwa nini gari la zamani hugoma kuwaka injini yake ikiwa bado ina joto?

Gari lenye umri wa miaka 25 au 30 linaweza kuwaka kwa starta moja alfajiri, likaenda hadi mjini bila kusumbua, kisha likazimwa kwa robo saa na kugoma kabisa. Likishapoa huwaka tena kana kwamba halina kasoro, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama, kwa sababu gari hufika gereji likiwa halina tena dalili yoyote. Uchunguzi wa maana hufanyika palepale lilipogomea.

Injini haianzi kupoa mara inapozimwa. Pampu ya maji husimama na hewa huacha kupita kwenye rejeta, ilhali bloku na mabomba ya ekzosi bado yana joto kali, nalo hupanda na kujikusanya chini ya boneti. Kwa dakika 10 hadi 20 za mwanzo, vifaa vilivyo juu ya injini huzidi kupata moto kuliko vilivyokuwa barabarani, na ndiyo maana kusimama kwa robo saa husumbua kuliko kusimama kwa dakika mbili.

Kwenye gari la petroli lenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mshukiwa wa kwanza ni mafuta yenyewe. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi za Selsiasi, ambazo ni kidogo mno kwa kabureta iliyokaa juu ya injini yenye moto. Petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta ikichemka, humwagikia kwenye njia ya hewa na kuilowesha injini. Utasikia harufu yake, na plagi, vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli, zikifunguliwa zitakuwa zimelowa. Dawa yake ni kukanyaga pedeli ya mafuta hadi chini na kuishikilia hapo huku ukipiga starta, ili hewa nyingi iingie. Kuipiga-piga pedeli, kama wengi wanavyofanya, huongeza petroli pale ambapo tayari imezidi.

Plagi zikiwa kavu, huenda mvuke umejaa kwenye paipu kabla ya pampu. Pampu ya kizamani iliyofungwa ubavuni mwa injini hufyonza mafuta kutoka kwenye tangi, na ufyonzaji huo hupunguza shinikizo ndani ya paipu, hivyo petroli huchemka kwa urahisi zaidi. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na yenye shinikizo dogo la hewa, huzidisha tatizo hilo kuliko Mombasa. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kuzungushiwa pampu na paipu kitatoa jibu kwa dakika chache.

Starta ikizunguka kwa uzito, achana na mafuta. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo starta iliyopata moto kwa nyuzi 80 zaidi hupitisha umeme kwa shida, hasa kama vichwa vya betri vina kutu au waya unaounganisha injini na bodi umelegea. Safisha hivyo kwanza kabla ya kununua starta.

Ikizunguka vizuri na petroli ipo, tafuta cheche kwa kuchomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi na kuiegemeza kwenye chuma cha injini huku starta ikipigwa, mbali na harufu ya petroli, na bila kuishika kwa mkono. Koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ikichoka hukatika ndani inapopata joto, na kwenye magari ya miaka ya 1990 sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, hufanya vivyo hivyo.

Dizeli ina kisa chake, na madereva wa Hiace wakongwe wanakijua: humwagia maji pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo hadi kwenye injini, gari likawaka. Dizeli yenye moto huwa nyepesi, hivyo huvuja kwenye sehemu za ndani zilizolika na pampu hushindwa kujenga shinikizo. Afadhali kitambaa kibichi, kwani maji baridi ya ghafla yanaweza kuikwamisha pampu. Gari likiwaka kwa njia hiyo, pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, maana ulikaji huo hautengenezwi kwa kubadilisha filta.