Je, wajua kwa nini "siku 7 zilizopita" huleta jumla tofauti kwenye dashibodi mbili?

Watu wawili wanaosoma data ileile kutoka hifadhidata ileile wanaweza kuchagua "siku 7 zilizopita" kwenye dashibodi zao, yaani kurasa zinazoonyesha data kwa chati na jumla, na kupata jumla mbili zisizolingana, na wala hakuna kati yao aliyebonyeza vibaya. Tofauti hutokana na jinsi kichujio cha muda kilivyopangwa, kwa kuwa maneno hayo hayasemi kipindi kinaanzia wapi hasa, kinaishia wapi, wala ni saa ya nani inayofuatwa.

Tuseme leo ni Jumatano, saa nne kamili asubuhi. Kichujio kinachohesabu kwa saa hurudi nyuma saa 168, hadi Jumatano iliyopita saa nne asubuhi. Kinachohesabu kwa siku za kalenda huanzia mwanzo wa Jumatano iliyopita na kuishia Jumanne ilipomalizika, yaani leo haimo. Kingine huihesabu leo kuwa siku ya saba, na kwa hiyo huanzia Alhamisi. Vyote vitatu ni halali, lakini cha kwanza huleta utata pale chati inapochora nguzo moja kwa kila siku: badala ya nguzo 7 huonekana 8, na zile mbili za pembeni ni vipande tu, kwani Jumatano iliyopita imekatwa asubuhi na ya leo bado haijaisha. Asiyejua hilo huona nguzo fupi upande wa kulia na kudhani kwamba mauzo yameporomoka. Kwa maoni yangu, hesabu ya saa inamfaa anayefuatilia hali ya seva dakika kwa dakika. Ripoti yoyote inayolinganisha siku na siku ipewe siku kamili, na leo iachwe nje.

Katika Grafana, programu ya kutengeneza dashibodi, tofauti hiyo huandikwa waziwazi. Kipindi cha now-7d hadi now (now ni sasa, d ni siku) husogea kadiri muda unavyokwenda, ilhali now-7d/d hadi now-1d/d ni siku 7 kamili, kwa sababu mkwaju (/) ukifuatwa na d husogeza muda hadi mwanzo wa siku kwenye sehemu ya kuanzia, na hadi mwisho wa siku kwenye sehemu ya kuishia. Herufi nazo zinataka uangalifu: m ndogo ni dakika na M kubwa ni mwezi, hivyo anayeandika now-6m akitaraji nusu mwaka ataletewa dakika 6.

Ukomo wa mwisho ndio unaopoteza data kimyakimya zaidi. Katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, neno BETWEEN (kati ya) hujumuisha ncha zote mbili, lakini tarehe isiyo na saa, ikilinganishwa na safu yenye tarehe na saa, huchukuliwa kuwa 00:00 ya siku hiyo. Ukiomba rekodi za kati ya 2024-01-01 na 2024-01-31, karibu siku nzima ya tarehe 31 itabaki nje, na jumla ya mwezi itapungua kiasi ambacho si rahisi kukigundua kwa macho. Njia salama ni kuomba kuanzia tarehe 1 Januari, pamoja na hiyo, hadi kabla ya tarehe 1 Februari. Kwa utaratibu huo vipindi viwili vinavyofuatana hukutana bila pengo, na hakuna rekodi inayohesabiwa mara mbili.

Kisha kuna suala la ukanda wa saa. Seva nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na dashibodi huweza kuuonyesha kwa saa ya kivinjari cha msomaji. Mahali palipo saa 3 mbele ya UTC, siku ya UTC huanza saa tisa usiku. Kwa hiyo yote yaliyotokea kati ya saa sita na saa tisa usiku huandikwa katika tarehe ya jana iwapo makundi ya siku yanafuata UTC. Nchi zinazobadilisha saa kwa majira huongeza utata mwingine, kwani kila mwaka huwa na siku moja ya saa 23 na nyingine ya saa 25. Heri kuchagua ukanda mmoja kwa dashibodi nzima na kuuandika mahali unapoonekana.

Urefu wa kipindi nao hugusa kasi. Kipimo kinachorekodiwa kila sekunde 15 huzaa nukta 172,800 kwa siku 30, idadi ambayo upana wa kioo hauwezi kuionyesha, na ndiyo maana kipindi kirefu kinahitaji wastani wa saa au wa siku.

Jambo la mwisho linahusu viungo vinavyotumwa kwa wenzako. Kiungo chenye kipindi cha kusogea kitaonyesha data nyingine kikifunguliwa kesho, kwa hiyo ukitaka wenzako wajadili chati uliyoiona wewe, badili kwanza kipindi kiwe cha tarehe na saa maalumu, ndipo ukinakili.