Watoto na maafa: tunayodhani na yalivyo

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Michango ikaanza kukusanywa, na kama ilivyo desturi yetu kwenye msiba, watoto wengi wakaambiwa wakacheze nje. Hapo ndipo dhana potofu zinapoanzia.

"Asiambiwe, atashtuka." Huenda ameshaona video kwenye simu ya mjomba wake kabla wewe hujarudi kutoka kazini. Kinachomtisha zaidi ni wakubwa kunyamaza ghafla akiingia sebuleni. Mwambie machache ya kweli: mvua ilikuwa kubwa, mlima ukameguka, watu wamekufa, waliobaki wanatafutiwa pa kulala. Kisha zima televisheni, kwa sababu mtoto mdogo akiona picha ileile mara kumi anaweza kudhani mlima umeporomoka mara kumi.

"Mtoto ana nini cha kutoa?" Ana zaidi ya hizo sarafu za kwenye kibubu. Maafa ya Hanang yalitokea wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa Januari. Wakubwa huwaza unga, maharage, magodoro na mablanketi, na wako sahihi. Lakini muulize mtoto wa darasa la nne mwenzake aliyepoteza nyumba atahitaji nini: atakutajia begi, madaftari, sare, soksi, hata mpira. Binti wa miaka 13 atakumbuka taulo za kike, ambazo kamati ya wanaume watupu inaweza kuzisahau hadi gari linaondoka. Kwa hiyo mwiteni kwenye kikao, si wakati wa kubeba maboksi tu. Ashike orodha, apange nguo kwa saizi, aandike kila boksi lina nini. Kazi hiyo si ya kumpotezea muda. Baada ya tsunami ya 2004, huko Aceh, Indonesia, nguo za msaada zisizo na mpangilio zilirundikana hadi zikaoza.

"Vilivyochakaa vitawafaa." Kiatu kilichoachia soli hakimfai mtu aliyepoteza nyumba, kama kisivyokufaa wewe. Mwulize mwanao: hiki ungempa binamu yako avae shuleni? Na akitaka kupeleka maziwa ya kopo ya watoto wachanga, msifu kwa huruma yake, kisha umweleze kwamba UNICEF na Shirika la Afya Duniani hushauri yasichangwe kiholela kwenye maafa. Maji yakiwa machafu, chupa humfanya mtoto aharishe, na mama anayenyonyesha anafaa kusaidiwa aendelee.

"Apelekwe akajionee." Hapana. Ndani ya tope mna misumari, vioo, mabati na maji ya vyoo. Mlima uliomeguka unaweza kumeguka tena, na waokoaji wanaihitaji barabara kuliko watazamaji.

"Apigwe picha akikabidhi." Hii inaniudhi kuliko zote. Picha ya mtoto msafi akimpa sabuni mwenzake aliyejaa matope humfurahisha aliyeipiga, wala haimwongezei mpokeaji kipande cha pili. Yule mwingine pia ana wazazi na jina, na kesho atarudi darasani.

"Kila mwanafunzi alete elfu moja." Huo si mchango tena, ni ada. Darasani humo humo yupo asiye nayo nyumbani.

"Watoto wa kambini kazi yao ni kupokea." Nao hutaka kuwa na la kufanya, pengine kuliko watoto wa mbali. Mkubwa anaweza kuwasimulia wadogo hadithi, kuchezesha rede, kumwonyesha mgeni bomba lilipo. Waulizwe wangependa nini, wasibebeshwe ndoo nzito wala kutumwa gizani, na wanaotaka kukaa kimya tu waachwe wakae.