FLAC Hairudishi Kilichotupwa

Wiki hii tena yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita mkubwa kwa heshima) wa Katuba ameniletea fulashi iliyojaa rumba, zote MP3 za 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, akaniambia: «Fundi, zigeuze FLAC, ile aina ya faili isiyopoteza sauti, nataka sauti ya CD.» Nikamjibu: «Yaya, siwezi kukuchukulia faranga kwa hiyo.» Programu ingezigeuza bila kulalamika, faili zingenenepa mara kadhaa, na sauti ingebaki ile ile. Hakufurahi. Najua pia atampata mtu wa kumfanyia hapa hapa Lubumbashi, na hilo ndilo linaloniudhi.

MP3 hutupa. Ndiyo kazi yake: hukisia sauti ambazo sikio halitazitambua, huzifuta, na zikifutwa hazimo tena. FLAC hubana tu. Ukiifungua unapata namba zile zile zilizoingia, bila kupungua hata moja. Ukiilisha MP3, itatunza kwa uaminifu yale mabaki. Chupa ya mawese ukiimimina kwenye dumu haigeuki dumu la mawese.

FLAC ya kweli huanzia kwenye CD yenyewe: sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli 2, yaani kilobiti 1,411 kila sekunde. FLAC huzipunguza hadi karibu nusu, au zaidi ya nusu kidogo. Na msiniulize tena kama kiwango cha kubana cha 8 kina sauti tamu kuliko cha 0. Kinachobadilika ni ukubwa wa faili na muda wa kuibana, basi.

Kunakili CD kwenda kompyuta ndiko kwenye kazi. CD ya muziki ina kinga ya kusahihisha makosa, lakini mkwaruzo ukiishinda kinga hiyo, kisomaji hukadiria sampuli iliyokosekana kutokana na jirani zake, wala hakikuambii. Kwa hiyo natumia programu ya Exact Audio Copy, ambayo hurudia kusoma pale majibu yanapopingana, halafu hulinganisha matokeo na hazina ya AccurateRip, yaani namba za uhakiki za watu wengine walionakili CD hiyo hiyo. Zikilingana, nalala usingizi. Ila CD nyingi za kwetu hazimo humo. Hizo nazinakili kwa visomaji viwili tofauti na kulinganisha mwenyewe.

Kabla ya yote, inueni CD mbele ya taa. Mkiona vitundu vya mwanga, tabaka la alumini limebanduka, na hakuna programu itakayolirudisha. Wengi huogopa mikwaruzo ya chini, kumbe huko kuna plastiki ya milimita 1.2, tena hung'arishwa. Upande wa maandishi ndio hatari: alumini iko chini ya rangi na vanishi nyembamba tu.

Sasa shida yenyewe. CD nyingi za sokoni zilichomwa kutoka MP3. Unazinakili, kila kitu kinasomeka safi, unapata FLAC kamili ya muziki uliokatwa tangu awali! Nazifungua kwenye Spek, programu inayochora picha ya sauti kuanzia nene hadi nyembamba, na mara nyingi naona zile nyembamba za juu zimekatwa kwenye kilohezi 16 kama kwa kisu. Lakini picha hiyo si hakimu. Chukueni mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Kwenye rekodi za wakati ule, huko juu hakukuwa na muziki mwingi wa kukatwa, na aliyetengeneza CD akichuja mkwaruzo wa santuri, picha inafanana na ya MP3. Hapo nasita, na mteja akinidai jibu la ndiyo au hapana, simpi.

Tena niseme wazi: MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri kutoka CD safi, nikisikiliza bila kuambiwa ipi ni ipi, mara nyingi siitofautishi na FLAC. Nang'ang'ania FLAC kwa ajili ya kutunza. Kutoka kwake utatengeneza MP3 ya simu leo na aina nyingine yoyote kesho, wala hutaigusa CD tena. Na ndani yake kuna alama ya uhakiki, hivyo diski ya kompyuta ikianza kuoza utajua wimbo upi umeharibika.

Basi leteni CD zenyewe, pamoja na vijitabu vyake. Majina ya nyimbo za kwetu mara nyingi hayapatikani kwenye intaneti, naandika moja moja kwa mkono, na mpiga solo naye nataka jina lake liingie.